Sarafu Zilizotobolewa

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Najua ukifika hapa umeshasema shikamoo kimoyomoyo, maana ulilelewa vizuri hata kama umesahau mengine. Marahaba. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule mtoto wa mwisho, kifua kimetulia au baridi ya huko bado inamsumbua? Nasikia umehamia ofisi ya ghorofani na safari hii umepewa dirisha. Hongera. Utakapochoka kusoma barua hii, tazama nje kidogo, pumua, kisha urudi umalizie.

Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, magoti ndiyo yanayomgomea, lakini mdomo haujagoma. Mimi ni mzima, bado nagombana na gazeti kila asubuhi kabla chai haijaiva. Baba nitamfikia. Yeye ndiye barua yenyewe.

Nimeandika kwa sababu simu unaikata. Kila nikianza kusema "kuhusu zile sarafu za Baba," mtandao wako unaharibika ghafla. Wiki hiyo hiyo Mama akaongea nawe kuhusu mapazia mpaka sikio likamchemka, na mtandao ulikuwa mzima kabisa. Karatasi haina kitufe chekundu. Mpwa wa wifi anasafiri kesho, atakukabidhi hii mkononi. Usianze kumhoji, maskini, hajui lolote.

Basi kumbuka likizo yako ya mwisho. Ulikaa karakanani kwenye kile kiti cha Baba, mguu juu ya mguu, ukamfundisha habari za pesa. Nilikuwepo, nilikuwa namenya machungwa. Ulisema pesa ya karatasi ni barafu, unaishika huku inayeyuka. Ulisema benki ni watu wanaokutunzia barafu yako na kukutoza ada ya kuitunza. Ukasema sarafu ya dhahabu thamani yake imo ndani ya madini yenyewe. "Baba, hata ukiipitishia gari juu, inabaki dhahabu tu." Hayo ni maneno yako, sijaongeza chumvi. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, vile anavyofanya akisikiliza kitasa kibovu.

Sikatai yote. Usije ukanitumia tena michoro yako ya bei, nimeshaiona. Vitabu unavyovisoma nimevisoma, na nimesoma pia vile ambavyo hukuvigusa kwa sababu havikubaliani nawe. Ni kweli kwamba hela aliyoanza kuweka Baba akiwa kijana ingemjengea chumba, na alipokuja kuitoa ilimnunulia mabati ya kuezekea choo. Ni kweli pia kwamba bei ya dhahabu imepanda tangu siku ile. Nakupa hayo mawili, yaweke mfukoni, uyatunze.

Lakini wewe hukumnunulisha Baba dhahabu peke yake. Ulimnunulisha na picha. Yule muuzaji wako mwenye duka la kioo na zulia alimpa sarafu za toleo maalumu, zenye ndege aliyekunjua mabawa, kila moja ndani ya kikopo chake cha plastiki, na kadi yenye namba. Kwa kila sarafu, nusu ya pesa ilikwenda kwenye madini. Nusu nyingine ilikwenda kwenye yule ndege, kadi na kikopo. Dhahabu ilikuwa halisi, hakuna aliyemuibia. Ndiyo maana nashindwa hata kwenda polisi.

Ulilijua hilo. Kwenye kitabu chako lina sura nzima: kuna sarafu za kununuliwa kwa uzito, na kuna sarafu za wakusanyaji, na bei zake haziendi pamoja. Ukamchagulia hizo za wakusanyaji kwa sababu uliona zinapanda haraka zaidi. Halafu ukamwelezea kwa lugha ya zile za uzito. Baba ni fundi wa makufuli, mdogo wangu. Ukimwambia kitu kimoja anakishika hicho hicho mpaka mwisho. Alishika "madini yenyewe."

Sasa nikueleze alichofanya, maana miaka yote hii umekuwa ukimuuliza "zipo?" naye anakujibu "zipo, zimekaa," na hujawahi kumuuliza zimekaa wapi.

Unajua Baba haliamini kufuli lolote. Mtu aliyeshinda maisha yake yote akifungua milango ya watu waliopoteza funguo hawezi kulala akitegemea kufuli. Kasiki la benki alishaitwa kulifungua, akalifungua huku meneja bado anamweleza jinsi lilivyo gumu. Kwa hiyo sarafu hakuzifungia popote. Alizitoa kwenye vikopo, akazibana kwenye jiliwa moja moja, akazitoboa katikati kwa keekee. Akalainisha matundu yake vizuri, unamjua kwa usafi wa kazi. Kisha akazikaza kwa skrubu chini ya meza yake ya kazi, upande wa ndani, akapaka rangi ile ile ya kijivu juu yake. Skrubu zenyewe alizichonga kwa mkono, na vichwa vyake havikubali bisibisi yoyote ya dukani. Vikopo akampa Mama atunzie pini. Kadi moja iko chini ya mguu wa kabati linaloyumba.

Na ule unga uliotoka kwenye matundu? Aliukusanya kwa brashi, wote, akautia kwenye kichupa. Kwa hesabu uliyomfundisha wewe, Baba hakupoteza hata punje. Alikuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe.

Mimi hayo sikuyajua mpaka macho ya Baba yalipoanza kusumbua.

Presha ya macho haina kelele, hilo nalo nimelijifunza. Alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Mama akadhani uzee. Tulipomfikisha kwa daktari wa macho, yule dada mwembamba asiyecheka, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kula hasara kubwa, na akataka afanyiwe upasuaji upesi. Tukasema hakuna shida, Baba ana akiba. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa majivuno. Nikasema ana dhahabu.

Tukaenda kwa muuzaji wako. Zulia, kiyoyozi, bilauri za maji. Baba akatoa kitambaa, akakifungua juu ya kioo. Yule bwana akaangalia, akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, naye akainama kuziangalia.

"Mzee, nani alizifanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Zisitembee."

Hawakucheka mbele yake, nawapa heshima hiyo. Wakasema wao hawachukui sarafu iliyoguswa hata kwa kidole, sembuse iliyopigwa tundu, na hata ingekuwa nzima wangeuliza kwanza kama kuna mteja. Unaelewa? Hata ingekuwa nzima! Nikamuuliza, mbona siku ya kuuza hukuuliza kama kuna mteja? Akasema, "Dada, siku ile mteja alikuwa mzee." Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika, maana barua hii anaweza kuiona mtoto.

Tukaenda kwa sonara wa barabara ya nyuma, yule wanayemwita Kijiwe kwa sababu kila kitu anakisugua kwenye jiwe lake. Akasugua, akadondoshea dawa yake, akapima. "Dhahabu safi," akasema. "Nitakupa bei ya kuyeyusha." Akataja. Ilikuwa chini ya kile alichotoa Baba miaka ile, pamoja na kupanda kote huko unakojivunia. Lakini ilitosha. Sikiliza vizuri, mdogo wangu: siku ile ilitosha upasuaji wa jicho la kushoto na dawa zake.

Hapo ndipo Baba alipokupigia. Tulikuwa bado tumesimama kwenye ngazi za duka la sonara, simu imewekwa sauti ya wazi kwa sababu alikuwa haoni kitufe. Na wewe, bila kuuliza daktari amesema nini, ukauliza amepewa bei gani. Ukacheka. Ukasema, "Baba, huyo anakuibia mchana kweupe. Subiri. Miezi michache tu hii itapanda, utanishukuru." Halafu ukaniambia mimi, ukijua fika kwamba anasikia: "Dada, ukimuuzisha sasa, wewe ndiye utakuwa umemuibia mzee."

Baba akazikunja kwenye kitambaa. Akashuka ngazi ameshika ukuta. Alipofika nyumbani alizirudisha chini ya meza, moja moja, kwa skrubu zake, akazipaka tena rangi.

Tukasubiri. Nilitaka kukopa kazini, akanikataza. "Nikope nimekalia dhahabu? Watu watanionaje?" Nikakuomba wewe utume, ukasema pesa yako imefungwa kwenye nyumba na karo. Nilimuuliza wifi siku nyingine, kwa nia safi kabisa, sarafu zako wewe mwenyewe unazitunzia wapi. Akashangaa. Sarafu gani? Kumbe huna hata moja. Ulimpeleka baba yako mahali ambapo wewe hujawahi kukanyaga.

Bei ilipanda, kama ulivyosema. Ilipanda vizuri tu. Na jicho la kushoto likazima kabisa huku inapanda.

Niruhusu nigombe kidogo, ndiyo kazi ninayoijua. Mnawahubiria watu dhahabu kana kwamba shida ya mtu wa kipato kidogo ni kwamba pesa yake inapungua thamani. Shida yake ni kwamba siku ya shida haina miadi. Dhahabu haizai, hailipi kodi ya pango, haishoni nguo. Inakaa inasubiri mtu mwingine aitake, na bei anaitaja huyo mwingine, siku ambayo uso wako umeshamwambia kwamba huna pa kwenda. Tajiri anaweza kumwambia sonara "nitarudi." Ana pesa nyingine ya kulia wakati anasubiri. Dhahabu ni akiba ya mtu ambaye tayari ameshamlipa daktari. Ungeniambia Baba aweke kijisehemu, kwa uzito, sarafu za kawaida zisizo na ndege wala kadi, mahali anapoweza kuziuza siku hiyo hiyo, ningenyamaza. Nanyamaza kwa shida, lakini ningenyamaza. Wewe ulichukua yote. Ukamwachia mzee mwenye meza nzito na mfuko mtupu.

Haya. Nimepumua.

Mwezi uliopita daktari akatuita tena. Safari hii alimsemesha Baba mwenyewe, akamshika mkono. "Fundi, jicho hili la kulia ndilo limebaki. Nalo limeanza. Likifunga, hakuna atakayelifungua, si mimi wala wewe."

Baba akamwambia, "Kijana wangu kasema tusubiri kidogo."

"Kijana wako ni daktari?"

"Hapana. Anajua pesa."

Yule dada asiyecheka akanitazama mimi. Nilitamani sakafu inimeze, na wewe pamoja nami, na dirisha lako jipya.

Nyumbani tulimbembeleza. Mama alilia, akakasirika, akanuna, akarudia kulia. Baba alikuwa mpole kama kawaida yake, na mgumu kama kawaida yake. Alisema, "Mtoto akiwa mbali, akikwambia jambo, unalishika. Nisipolishika, ana nini tena kwangu?" Nilitoka nje. Ulitaka nimjibu nini? Zaidi ya ushauri wako, kweli, umempa nini tena miaka hii? Unampigia kila Jumamosi kumuuliza kuhusu bei ya kitu kilichokazwa chini ya meza, naye anafurahi kwa sababu ndiyo mazungumzo pekee mliyo nayo.

Usinielewe vibaya. Kuna kipande kinauma hata kukiandika.

Kilichomgeuza hakikuwa Mama, wala daktari, wala hizi kelele zangu. Ulikuwa ufunguo. Yule nesi mjane wa nyumba ya kona alileta ufunguo wake achongewe wa pili. Kazi ambayo Baba huifanya huku anazungumza habari nyingine. Akachonga. Nesi akaenda, akarudi. Haufungui. Baba akaomba radhi, akachonga mwingine, akiupapasa meno kwa kidole. Akaenda, akarudi. Nao haufungui. Nesi akasema, "Hamna shida, Fundi, nitauzoea tu," akaweka pesa mezani akaondoka haraka, kwa adabu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Baba alikaa pale ameshika ile noti. Nilikuwa kwenye kizingiti. Akasema, si kwangu, ni kama anaiambia noti, "Amenilipa kwa ufunguo usiofungua."

Maisha yake yote, mdogo wangu. Amewahi kukesha kwa ajili ya kitasa cha mtu asiye na senti, lakini hajawahi kulipwa kwa huruma.

Akauliza bisibisi yake iko wapi. Nikampa. Akalala chali chini ya meza, na umri ule, akaanza kuzipapasa chini ya rangi. Nikamwambia, "Baba, nikusaidie?" Akasema, "Hizi skrubu hazikujui." Zilitoka moja moja. Aliita kila moja ikitoka, "Haya, njoo," kama anamwita kuku. Mama aliletewa habari jikoni, akaja na kopo la kuzitilia, akasimama pale bila kusema neno, na unajua hilo lilimgharimu nini.

Kijiwe alizipima zote. Bei ya kuyeyusha. Baba akatoa na kile kichupa cha unga, na Kijiwe akakipima pia, akatikisa kichwa. "Mzee, wewe ungekuwa sonara, sisi wengine tungekufa njaa." Baba akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka uanze.

Amefanyiwa upasuaji Jumanne iliyopita. Jicho la kulia. Presha imeshuka, na kilichobaki kimebaki. Haoni pembeni, anaona mbele, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ananiambia inamtosha, yeye mambo yake mengi yalikuwa kwenye tundu la ufunguo. Daktari alicheka, usiniulize ilikuwaje.

Pesa iliyobaki iko kwenye chama chetu cha akiba, pale pa karibu, ambapo anaweza kuitoa siku anayoitaka. Itayeyuka kidogo kidogo kama barafu yako. Na iyeyuke. Itakuwa imeyeyukia matone ya macho.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nikae kwenye kiti hiki tangu asubuhi.

Baba amenikataza nisikwambie. Tulipotoka kwa Kijiwe alinishika mkono akasema, "Mwenzako asijue. Atajisikia vibaya, na yuko peke yake kule." Hujaomba hata samahani, naye tayari anakuepusha nayo. Jumamosi ulipopiga, alikuwa na bandeji jichoni. Ulimuuliza, "Zipo?" Akakujibu, "Zipo, zimekaa." Chini ya meza yamebaki matundu matupu. Ukamwambia bei mpya, akakushukuru.

Mzee yule hajawahi kumdanganya mteja hata kwa skrubu moja. Sasa kila Jumamosi anamdanganya mwanawe, kwa upendo, na ataendelea mpaka wewe au yeye afe. Mimi sitakubali. Ndiyo maana namvunjia ahadi, na dhambi yake nitaibeba mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hajapata nafasi ya kusema "zipo," wahi. Mwambie: Baba, nilikosea. Uza, kwa bei yoyote, ukafanye macho. Usimwambie kwamba unajua. Usimwambie nimekuandikia. Mpe ruhusa tu, kwa sauti yako, kwa sababu aliuza bila hiyo ruhusa na inamkaa kooni kama mfupa.

Atakwambia atafikiria. Atajifanya anafikiria, hana uzoefu, atafanya vibaya sana. Wewe usicheke. Msubiri. Mara hii subira yako itakuwa na faida.

Msalimie wifi, mwambie simlaumu kwa lolote, alinijibu ukweli. Nibusie watoto wote, na yule mwenye kifua avikwe vizuri. Mama anawasalimu, na anataka picha ambayo nyote mmekaa, si mmesimama kama mnasubiri basi. Shangazi wa mtaa wa pili anakumbusha ile miwani uliyomwahidi. Baba hajui kama ninaandika, kwa hiyo salamu zake nakupa mwenyewe: amekukumbuka.

Mungu akuhifadhi huko uliko, akupe afya, na akupe maneno ya Jumamosi.

Mimi dada yako mkubwa, niliyekukasirikia mpaka mwisho wa karatasi na sijaacha kukupenda hata mstari mmoja.